Mwavuli wa Mama Linghu

Mwezi wa tatu, siku ya 3

Mwalimu wangu, mtawa Huizhen, amenipa karatasi kumi na nane. Upande mmoja zina maandiko matakatifu niliyoyakosea mwenyewe mwaka jana, upande wa pili ni tupu. Amesema niandike kila siku, hata mstari mmoja, ili mkono usisahau. Nimeahidi.

Mayai ya viwavi wa hariri yameanguliwa leo asubuhi. Bibi amewafagia kwa unyoya na kuwaweka kwenye ungo wa kwanza, weusi kama mchanga. Kuanzia leo hadi watakaposokota, ndani ya nyumba hakuna kupiga kelele, hakuna kulia, hakuna kugombana. Viwavi wakisikia ugomvi huacha kula. Bibi alinitazama mimi aliposema hivyo. Kitambaa changu cheupe cha msiba ninakivua mlangoni kila ninapoingia kwao.

Siku ya 5

Jiwe limefika!

Limeletwa kwa gari la ng'ombe hadi ua wa nyumba ya watawa. Limenizidi kimo. Juu amekaa Budha Ajaye, vifundo vya miguu vimepishana, macho yake bado laini bila mboni. Chini yake wamesimama wanawake wadogo, safu kwa safu, mikono ndani ya mikono ya nguo, na kando ya kila mmoja kuna ukanda mtupu wa kuandikia jina.

"Mbona tumefanana wote?" aliuliza jirani yetu, Mama Pang. "Mimi nina videvu viwili, na huyu wangu hana hata kimoja."

"Mama, nimechonga wanawake arobaini kwa mkupuo mmoja," alisema Fundi Geng. "Ukitaka na videvu, ungeniletea jiwe pana zaidi."

Wote walicheka, hata Bibi.

Miaka tisa wanawake wa jumuiya yetu ya ibada wamefuma kitambaa cha kulipia jiwe hili, kila mmoja kwenye kitanda chake cha kufumia, baada ya kufuma cha nyumbani na cha kodi ya serikali. Mama yangu ndiye aliyeanzisha. Ndiyo maana walimchagua kuwa Mwenye Macho, yule anayempa fundi kalamu ya kuchora mboni siku ya kufungua macho. Sanamu ya Mwenye Macho ni kubwa kuliko zote, imesimama katikati ya safu ya chini. Mama alifariki mwezi wa kumi na moja, lakini marehemu hapotezi nafasi yake. Jina lake litakuwapo, na Bibi atatoa kalamu kwa niaba yake. Budha Ajaye atakaposhuka, walio kwenye jiwe wataitwa kwa majina.

Na mimi ndiye nitakayeyaandika! Macho ya Mwalimu yamefifia, kwa hiyo nitaandika kila jina kwa wino mwekundu, kisha Fundi Geng atalikata. Nilimwuliza kama anajua kusoma.

"Mimi nafuata wekundu tu, binti. Ukiandika tusi, nitachonga tusi."

Siku ya 8

Nimefanya mazoezi ya jina la Mama mara sitini. Xue Miaoyin. Mara ya sitini ilikuwa nzuri.

Siku ya 9

Viwavi wamelala usingizi wa kwanza, ule wa kujivua ngozi. Mvua.

Siku ya 10

Mvua.

Siku ya 12

Naandika kwa sababu siruhusiwi kupiga kelele.

Mama Hou, mkuu wa jumuiya, mke wa mkuu wa kijiji chetu, amekuja. Wageni hawaingii nyumba yenye viwavi, kwa hiyo alisimama langoni kwenye mvua, na Bibi akasimama upande wa ndani, nami nyuma yake nikiwa na kapu la majani ya mforsadi ya kulishia viwavi.

"Mama, nimekuja kwa jambo gumu," alisema. "Ni kuhusu nafasi ya Mwenye Macho. Tumeona apewe Mama Linghu."

Mama Linghu ni mke wa karani wa wilaya. Hajawahi kukanyaga nyumba ya watawa. Hajafuma hata uzi.

"Nani ameona?" niliuliza.

"Ayue," Bibi alinikanya.

"Miaoyin hatoki kwenye jiwe," Mama Hou akaharakisha. "Atakuwa safu ya pili, kwenye sanamu iliyobaki bila mwenyewe, palepale juu ya Mama Linghu. Pazuri sana. Karibu na Budha kuliko huyo mwenyewe."

Nilingoja Bibi aseme kitu. Bibi anaweza kumfukuza fahali mwenye hasira kwa maneno matatu, nimemwona. Alifuta maji usoni, akasema, "Haya."

Haya! Miaka tisa, halafu haya!

Mama Hou alipoondoka nilifungua mdomo, naye Bibi akaweka kidole midomoni. "Nyumba ina viwavi." Akarudi kukata majani, kisu kikienda taratibu kama siku yoyote.

Nilikuwa nikimpenda Mama Hou. Mama alipougua alileta mtindi wa kondoo kila asubuhi. Sasa nadhani alikuwa akija kupima nafasi itakuwa wazi lini. Najua hili ni wazo baya. Nimeliandika na silifuti.

Siku ya 13

Nimemwendea Mwalimu. Nilitaka aseme si haki, basi. Alikuwa akichambua mboga, akazitazama mboga.

"Ayue, jina kubwa na jina dogo, Budha anayaona sawa."

"Kama ni sawa, Mama Linghu akae lile dogo."

Alitupa jani bovu. Kisha akasema kwamba ikiwa sitaki kuandika, mtawa mwingine ataandika vibaya zaidi. Miaka mitano amenifundisha kwamba maandishi ni kama mwili, ukiyainamisha mbele ya uongo yatabaki na kibiongo. Ni maneno yake. Leo aliyasahau, akaniuliza kama viwavi wanakula vizuri.

Siku ya 15

Usingizi wa pili. Ungo mmoja umekuwa nyungo nne.

Siku ya 17

Nimeandika. Majina thelathini na nane, mengine kwa mkono mzuri sana, na sikufurahi hata kwa moja. Wanawake walipanga foleni kuangalia lao. Hawajui kusoma, lakini kila mmoja alinyoosha kidole kwenye ukanda wake, akasema, "Mimi ni hapa?" Mama Pang alirudi mara tatu.

Jina la Mama nimeliandika safu ya pili. Lile la Mama Linghu nimeliandika chini, kwenye sanamu kubwa, nikiwa nimebana meno. Niliwaza kuandika kitu kingine. Neno moja tu. Geng angefuata wekundu. Mkono ulisimama hewani mpaka tone likaanguka kwenye kiatu changu. Mwalimu alikuwa nyuma yangu, haoni vizuri, lakini nadhani alisikia kwamba sikuwa nikiandika.

"Ayue," alisema tu.

Nikaandika jina lake sawasawa. Najichukia kwa kuliandika vizuri.

Geng ameanza kukata kutoka juu. La Mwenye Macho hukatwa la mwisho kabisa, baada ya macho kufunguliwa. Ndiyo desturi, kwa sababu Mwenye Macho huwa hajawa Mwenye Macho mpaka atoe kalamu.

Siku ya 19

Mvua. Majani yakiwa na maji viwavi huharisha na kufa. Tumeyafuta kwa kitambaa, jani kwa jani, mimi na Bibi, kuanzia asubuhi hadi jioni. Hatukusemezana.

Siku ya 21

Mama Linghu ametuma mtumishi kwenye ua wa watawa. Hakuja yeye. Mtumishi ana viatu vya hariri na pua ya kunusa nusa.

"Bibiye anauliza, mbona amesimama peke yake kama muuza vitunguu? Mtu wa hadhi yake huwa na kijakazi nyuma, na mwavuli."

"Jiwe limekwisha chongwa," alisema Geng.

"Basi chonga zaidi."

"Kijakazi naweza kumbana pembeni. Mwavuli utaupachika wapi? Juu yake kuna mtu."

Mtumishi alitazama juu ya sanamu kubwa. Kuna mtu, ndiyo. Kuna ukanda wake, na jina lake limekwisha kukatwa.

"Huyo ni nani?"

Nilikuwepo. Nilisema, "Ni mama yangu."

Alinitazama kama vile kiti kimezungumza. "Bibiye anataka mwavuli," akamwambia Mama Hou aliyekuwa amesimama kando, akaondoka akiruka madimbwi.

Nilimshika Mama Hou mkono wa nguo. Sijawahi kumshika mtu mzima hivyo. "Mama Hou, utakataa, si ndiyo? Sema utakataa."

Alisema, "Nenda nyumbani, mwanangu. Majani yatalowa."

Siku ya 22

Nilikuwa juu ya mforsadi nikichuma niliposikia nyundo. Kutoka mtini unauona ua wa watawa, lakini huoni mtu anapiga wapi. Nilijiambia anakata majina tu. Nilichuma kapu zima nikijiambia hivyo.

Nilipofika ilikuwa imekwisha. Mahali pa Mama pana mwavuli, wa duara, umeshikwa na kijakazi mdogo aliyebanwa pembeni, na mashada ya nyuzi yanayoning'inia ukingoni, yamechongwa kwa ustadi, ndivyo inavyouma zaidi. Uso, mikono ndani ya nguo, jina, vyote vimekuwa vumbi jeupe kwenye nyasi, na mvua ilikuwa ikiliosha.

Nilimwambia Geng maneno ambayo Mwalimu hakunifundisha. Aliendelea kufuta patasi yake hadi nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza?" aliuliza. "Binti, nimekaa tangu jana bila kugusa patasi. Mume wa Mama Hou alikuja mwenyewe. Aliniambia nisipokata, kibali changu cha kupita wilaya hii kinaisha leo. Nina watoto wanne."

"Rudisha."

"Jiwe halirudishwi. Udongo unarudishwa. Mimi sifinyangi udongo."

Nyumbani nilimweleza Bibi, kwa kunong'ona, kwa sababu ya viwavi. Fikiria kunong'ona jambo kama hili! Bibi aliketi kwenye kizingiti. Mikono yake ilikuwa na maji ya majani, kijani hadi kwenye viganja. Nilitaka alie. Nilitaka atupe kitu ukutani.

"Wamelala usingizi wa tatu," alisema. "Tusiwaamshe."

Nimemchukia leo. Na hili nimeliandika, silifuti.

Siku ya 24

Mvua. Siendi kwa watawa.

Siku ya 26

Mama Pang amenikuta kwenye mti. Alipanda mwenyewe, na umri ule, matawi yakilia.

"Unamnunia Bibi yako, naona. Huna habari kwa nini alikubali?"

"Kwa sababu ni mwoga."

"Sogea, nikae. Karani Linghu ana orodha. Wanaume kumi na wawili wa kijiji hiki kwenda kuburuta mawe ya mapango ya Mfalme, huko kwenye mwamba. Mwaka juzi walikwenda tisa, wamerudi wanne. Karani alimwambia Mama Hou kwamba mke wake akipata nafasi nzuri kwenye jiwe letu, orodha italala sandukuni mpaka baada ya mavuno. Mtoto wa Mama Hou yumo. Wanangu wawili wamo. Bibi yako hana mwanamume hapa, baba yako yuko ngomeni kaskazini. Angeweza kusema hapana, na asingepoteza kitu. Lakini alisema 'haya'."

"Mbona hakuniambia?"

"Ungefanyaje? Ungenyamaza?"

Nisingenyamaza.

Kwa hiyo sasa sijui hasira yangu niielekeze wapi. Haijapungua. Zamani ilikuwa na mtu mmoja wa kumwendea, sasa inazunguka ndani kama punda wa kinu. Mfalme anachonga Budha mrefu kuliko mnara, na ili amchonge wa kwake, wetu wa kimo cha mtu lazima alipe.

Nilimsaidia Bibi kubadilisha nyungo zote bila kuambiwa. Alinipa sehemu yake ya tende.

Siku ya 29

Jua, nusu siku. Tumetandaza majani uani.

Mwezi wa nne, siku ya 2

Wamewachukua.

Wote kumi na wawili. Askari walikuja wakati wa uji wa asubuhi, orodha ikiwa na mhuri wa Karani Linghu, mpya kabisa. Hou Tong, mtoto wa Mama Hou, alitoka akiwa bado na bakuli. Mama Hou alimkimbilia mkuu wa askari. "Kuna kosa. Mwulizeni karani. Mwulizeni mke wake, yuko kwenye jiwe letu, na mwavuli tumempa!"

Askari alicheka. "Mwavuli? Basi shukuru, hawezi kulowa."

Wana wa Mama Pang walifungwa kamba moja. Mama Pang, anayetania hata mazishini, hakutania. Alikwenda nao hadi darajani, akarudi, akaingia kulisha viwavi, kwa sababu viwavi wanakula mara sita kwa siku na hawangoji mtu.

Siku ya 4

Nilidhani sasa watamfuta Mama Linghu. Nilimwendea Mama Hou, ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, nywele hazijachanwa.

"Jina lake bado ni wino tu," nilisema. "Kitambaa na maji, basi."

"Likae."

"Amekudanganya!"

"Na akitaka anaweza kumrudisha Tong. Likae, Ayue. Nakuomba."

Ameniomba. Mtu mzima. Nimerudi na hasira yangu yote, nzima, haijaguswa.

Siku ya 6

Usingizi wa nne umekwisha. Sasa wanakula kwa nguvu, nyungo ishirini na sita, na sauti ya kula kwao ni kama mvua. Mvua nayo inanyesha. Mara mbili nimetoka kuanua nguo wakati hakuna mvua.

Siku ya 8

Leo ilikuwa siku ya kuzaliwa Budha na siku ya kufungua macho. Nimebakiwa na karatasi mbili. Nitaandika kwa herufi ndogo.

Mvua ilikatika alfajiri. Wanawake wote walikuja, wamefua nguo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Chakula kilikuwa mboga na uji wa mawele na tambi. Jiwe lilikuwa limefunikwa uso kwa kitambaa cha manjano. Fundi Geng alikuwa amekoroga wino mweusi, na kalamu ilikuwa juu ya sinia mpya. Saa ni muhimu: macho hufunguliwa kabla jua halijapita kichwani, au yanangoja mwaka mzima.

Kazi yangu ilikuwa kusoma majina. Ninasoma, mwenye jina anaitika "Nipo", anaweka ubani, anarudi. Kwa marehemu huitika wa nyumbani kwake. Thelathini na sita waliitika. Mama Pang aliitika kwa sauti ndogo sana.

Kisha nikafika la mwisho. Nilikuwa nimeapa kutolisoma. Lakini nililisoma, wazi, kama nilivyofundishwa.

"Mwenye Macho, Mama Linghu."

Kimya.

Nilitazama barabara ya wilaya. Bata tu.

"Mwenye Macho, Mama Linghu."

Mkuu wa kijiji, mume wa Mama Hou, alipenya mbele akijifuta jasho. "Nimepeleka mtu. Anasema bibiye anaumwa kichwa, na matope yako hivi. Endeleeni tu, ataarifiwa."

"Nani atatoa kalamu?" aliuliza Geng.

"Toa wewe!"

"Mimi ndiye ninayepokea. Siwezi kujipa mwenyewe."

"Basi mtumishi wake..."

"Hakuna hata mtumishi."

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja. Kila mtu alinitazama mimi, kwa sababu msomaji haruki jina. Huita mara tatu, na bila jibu hawezi kuendelea. Nilivuta pumzi niite mara ya tatu, na sauti ikatoka nyuma ya umati, kubwa, iliyopasuka, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu viwavi walipoanguliwa.

"Hayupo! Hajawahi kuwepo! Mwite aliyekuwepo!"

Alikuwa Bibi. Alikuja mbele akisukuma watu kwa viwiko. "Mwezi mzima nimenyamaza. Nimenyamaza kwa ajili ya wanaume kumi na wawili. Wako wapi? Nionyesheni mmoja!"

"Mama, taratibu," alisema mkuu wa kijiji.

"Taratibu nimeacha nyumbani pamoja na viwavi. Hapa ni uwanjani."

Wanawake wengine walianza kusema, wawili, watano, kisha huwezi kujua nani anasema nini. Mkuu wa kijiji aliinua mikono. "Mnataka kuniua! Karani akisikia, mnajua atafanya nini?"

Ndipo Mama Hou aliposogea. Sikumwona akija. Alikuwa na ndoo ya maji ya kuoshea mboga. Alipiga magoti mbele ya ukanda wa chini, akachovya mkono wake wa nguo, ule wa sikukuu, wa hariri, akasugua. Wekundu ulimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Mama Tong! Umerukwa na akili?" mumewe alipiga kelele.

"Mwanangu wameshamchukua," alisema bila kugeuka. "Wachukue nini tena, kuku?"

Mama Pang alicheka. Kicheko kibaya, kama kikohozi, lakini alicheka.

Ukanda ulipokuwa safi Mama Hou alinigeukia. Uso wake ulikuwa umelowa na sijui kwa maji yapi. "Andika," alisema. "Usinisamehe kwanza. Andika tu, jua linakwenda."

Sikumsamehe. Nilichukua kalamu. Niliandika haraka, na jina ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi mara sitini lilitoka bovu kuliko yote niliyowahi kuandika, mstari wa mwisho umepinda. Mwalimu Huizhen alisogeza uso karibu kabisa na jiwe, akalisoma kwa pua yake.

"Lisiguswe," alisema. "Liache hivyo hivyo."

Nikarudi mahali pangu, nikasoma. "Mwenye Macho, marehemu Xue Miaoyin."

"Nipo," alisema Bibi. Na Mama Pang akasema, "Nipo." Na wengine, ovyo ovyo, si kwa pamoja, mmoja baada ya mwingine. Haimo kwenye desturi. Bibi alimpa Geng kalamu, kitambaa kikaondolewa, Geng akachora mboni, na Budha akatazama.

Sanamu kubwa imesimama katikati ya safu ya chini, na juu ya kichwa chake kuna mwavuli wenye mashada. Kijakazi wa jiwe amemshikia mama yangu.

Siku ya 9

Viwavi wameanza kusokota. Tumewawekea matawi makavu.

Mkuu wa kijiji hajatoka ndani. Watu wanasema karani atakuja mwenyewe, kesho au keshokutwa. Mwalimu ameficha hati za usajili za watawa, ingawa sijui zitamsaidia nini. Naogopa. Pia nina hasira, kwa sababu Hou Tong na wana wa Mama Pang wako kwenye mwamba wakivuta mawe, na jina la Mama halikuwarudisha. Niliuliza kama tutaandika majina yao nyuma ya jiwe. Mama Hou alisema nianze kufanya mazoezi.

Fundi Geng amekuwa akikata tangu asubuhi. Nilikwenda kumtazama. Alikuwa akifuata wekundu, hata pale ulipopinda.

"Nikunyooshee huu mstari?" aliuliza.

"Hapana."

"Karani akija atauliza ni jina la nani."

"Hatakuuliza," nilisema. "Anajua kusoma. Na asome."